Wageni wanatoka Toronto, mwanangu ana miezi saba: surua niiogope upande gani?

SWALI: Shikamoo daktari. Naishi Tabata, nina mtoto wa kiume wa miezi saba, bado ananyonya. Wiki tano zijazo wifi yangu anakuja kutoka Toronto na watoto wake wawili, mmoja ana miaka minne na mwingine miwili, kwa ajili ya harusi ya mdogo wao. Watafikia kwetu na kukaa wiki tatu, kisha mimi na mwanangu tutaondoka nao kwenda kukaa huko miezi miwili. Tiketi zimeshakatwa. Nimesikia Canada kumekuwa na surua nyingi. Nilipomweleza mama mkwe alishangaa sana. Anasema surua ni ugonjwa wa huku kwetu, yeye aliugua akiwa mdogo kule Kilwa pamoja na ndugu zake wote, na Wazungu walishaumaliza zamani. Je, tuwaogope wageni au wao ndio watuogope sisi? Mtoto achanjwe lini, maana kliniki wameniambia miezi tisa? Mimi nilizaliwa 1993 na kadi yangu ya kliniki haipo tena. — Mama Nasri

JIBU: Marahaba, Mama Nasri. Nianze na kalenda, maana ndiyo inayokukimbiza. Leo Nasri ana miezi saba. Wageni wakifika atakuwa na miezi minane na siku kadhaa. Siku mtakayopanda ndege atakuwa amebakiza siku chache tu kutimiza miezi tisa. Kwa ratiba ya kawaida basi, mwanao atalala nyumba moja na wageni wiki tatu, atapelekwa harusini, atapita kwenye viwanja vya ndege na kuingia Toronto bila tone la chanjo ya surua mwilini, huku sindano yake ya kwanza ikimsubiri kliniki Tabata. Hilo ndilo linalonitia wasiwasi kuliko yote uliyoandika, na bahati nzuri umeuliza mapema, linarekebishika.

Miezi tisa haikuchaguliwa kwa kubahatisha. Mtoto huzaliwa na kinga aliyopewa na mama yake akiwa tumboni, na kinga hiyo hupungua mwezi hadi mwezi. Ikiwa bado ni nyingi, huidhoofisha chanjo kabla haijafanya kazi. Ikiisha kabla ya chanjo, mtoto anabaki wazi. Katika nchi kama yetu miezi tisa ndiyo ilionekana kuwa mahali pazuri pa kukutania mambo hayo mawili. Lakini kuna jambo ambalo akina mama wengi hawaambiwi: mama aliyepata kinga kwa chanjo humpa mtoto akiba ndogo kuliko mama aliyeugua surua yenyewe, na akiba hiyo huisha mapema zaidi. Bibi zetu waliugua. Wewe wa 1993 yamkini ulichanjwa. Kwa hiyo usitegemee kwamba Nasri bado anakula kinga yako akiwa na miezi minane.

Kwa mtoto anayekwenda kwenye nchi yenye mlipuko, Shirika la Afya Duniani linaruhusu chanjo ya surua kuanzia miezi sita. Tunaiita dozi sifuri, kwa sababu haihesabiwi kwenye zile mbili za ratiba. Atachomwa sasa, atachomwa tena akitimiza miezi tisa, na tena akifika miezi kumi na nane kama watoto wenzake. Jumla tatu, na hakuna ubaya wowote katika hizo tatu. Kati ya sindano moja na nyingine zipite angalau wiki nne. Dozi ya umri huu haifanyi kazi kwa watoto wengi kama ya miezi tisa, nakiri, lakini kinga pungufu ni bora mara nyingi kuliko kukosa kabisa, hasa ikipewa wiki zaidi ya mbili kabla ya mgeni kugonga mlango.

Nenda kliniki wiki hii. Nenda na tiketi, umwoneshe muuguzi tarehe. Ratiba iliyobandikwa ukutani ni ya mtoto asiyesafiri, kwa hiyo akisita usigombane naye. Omba kwa upole kuonana na mganga mfawidhi, au aelekeze swali kwa mratibu wa chanjo wa wilaya. Ukiambiwa urudi siku fulani, rudi. Chupa moja ya chanjo ya surua-rubella ina dozi kumi, na ikishachanganywa inapaswa kutumika ndani ya saa sita, inayobaki humwagwa. Ndiyo maana vituo vingi huwakusanya watoto siku moja. Si uvivu wa mtu.

Jambo la pili kuhusu kalenda: piga simu kwa wakala wa tiketi uulize gharama ya kusogeza safari yako na Nasri mbele kwa wiki tatu hivi. Mtoto achanjwe siku anayotimiza miezi tisa, akae siku kumi na nne nyumbani mwili ujenge kinga, ndipo aruke. Wifi atangulie na watoto wake. Najua fedha ya kubadilisha tiketi inauma. Kama haiwezekani, basi dozi sifuri ndiyo itakayombeba njiani, na hapo sindano ya sasa inakuwa ya lazima zaidi. Siku tano hadi kumi na mbili baada ya sindano anaweza kupata homa kidogo na vipele vichache. Vipele hivyo ni vya chanjo, haambukizi mtu, na vitakwisha kabla wageni hawajafika, kwa hiyo havitawachanganya.

Sasa nije kwa mama mkwe, kwani anachosema kina mizizi. Canada ilitambuliwa kuwa imetokomeza surua mwaka 1998, Marekani mwaka 2000. Lakini neno hilo limetudanganya wengi. Kutokomeza hakumaanishi kwamba ugonjwa hauingii. Maana yake ni kwamba ukiingia hauzunguki ndani ya nchi kwa miezi kumi na miwili mfululizo. Unawaka kidogo na kuzimika kwa kukosa watu wa kuwapata. Miaka yote hiyo surua iliendelea kuingia Canada na Marekani kwa ndege, na mara nyingi mwenye kuileta hakuwa mgeni. Alikuwa mwenyeji ambaye hakuchanjwa, akaenda matembezini, akarudi nayo nyumbani. Mwezi Oktoba 2024 virusi viliingia Canada na kuzikuta jamii ambazo wengi wao hawachanji. Safari hii moto haukuzimika. Mwaka 2025 walithibitisha wagonjwa zaidi ya 5,000, jimbo la Ontario, ambako Toronto ipo, likiwa miongoni mwa yaliyoumia sana. Mwezi Novemba mwaka huo, baada ya aina ileile ya kirusi kuzunguka zaidi ya mwaka, Canada ikaondolewa hadhi ya nchi iliyotokomeza surua.

Maabara huweza kusoma kirusi cha surua kama mtu asomavyo namba ya gari. Miaka ya karibuni dunia nzima imebakiwa na koo mbili tu zinazozunguka, B3 na D8. Mlipuko wa Ontario ulikuwa wa D8. Aliyeugua Dar es Salaam akichukuliwa sampuli, kirusi chake kikilinganishwa kwa undani na sampuli za nchi nyingine kinaweza kudokeza kimetokea upande gani wa dunia, ila ukoo peke yake hautoshi, kwa kuwa koo zote mbili ziko duniani kote. Kwa hiyo kauli kwamba surua ni yetu haina ushahidi tena. Nasi pia hatujasalimika: bado tunapata milipuko, na Februari 2024 serikali iliendesha kampeni ya kuwachanja watoto wa miezi 9 hadi 59 nchi nzima kwa sababu kila mwaka kuna watoto wanaorukwa. Kinga anayo mtu mwilini mwake. Nchi haina kinga ya kumpa msafiri wake. Umeuliza nani amwogope nani. Mimi naona swali la kuuliza nyumbani kwenu ni nani kati ya watakaolala humo hajachanjwa mara mbili.

Na kwa kweli, ukifungua historia, visa vikubwa vya surua na safari ni vya watu wa mbali kupelekewa. Mwaka 1875 Cakobau, aliyekuwa mfalme wa Fiji, alirudi kwake kutoka Sydney kwa meli ya kivita ya Waingereza, yeye akiwa ametoka kuugua surua, na ugonjwa ukiwa bado melini katika msafara wake. Wakuu wa visiwa vyote walikuja kumlaki, wakakaa pamoja, wakarudi makwao. Watu wapatao 40,000 walikufa ndani ya miezi michache. Katika kumbukumbu za karibu kuna Samoa, mwaka 2019: surua iliingia kutoka New Zealand wakati watoto wengi visiwani hawakuwa wamechanjwa, na watu 83 wakafa, wengi wao watoto wadogo wa umri wa wageni wako na wa Nasri. Naitaja Samoa kila ninapoweza. Nchi ndogo, watu wanaopendana, ndugu kwenda na kurudi kila wiki kama tunavyofanya sisi, na hilo lilitosha.

Ugonjwa wenyewe unaambukiza kuliko karibu magonjwa yote tunayoyajua. Katika watu kumi wasio na kinga wanaokaa na mgonjwa, tisa watapata. Hauhitaji mguso wala kikombe kimoja. Mgonjwa anapumua na kukohoa, virusi vinabaki hewani katika chumba hadi saa mbili baada ya yeye kuondoka. Na huanza kuambukiza siku nne kabla vipele havijatokea, wakati kila mtu anadhani ni mafua ya kubadilisha hali ya hewa. Hapa ndipo safari inapokuwa na hila. Kutoka kukutana na kirusi hadi homa ni siku kumi hivi, vipele hufuata karibu siku ya kumi na nne, na inaweza kufika ishirini na moja. Mtoto anaweza kuambukizwa kwenye sherehe Toronto, akapanda ndege mzima anacheka, akabadilisha ndege Addis Ababa, Doha au Istanbul, akafika Tabata mzima, akaanza kukohoa siku ya kitchen party.

Ndege yenyewe huwa inalaumiwa kupita kiasi. Hewa ya ndani inapita kwenye vichujio, ingawa mtu aliyeketi safu za jirani na mgonjwa yuko hatarini kweli. Mimi naogopa zaidi foleni ya uhamiaji, ukumbi wa kusubiri, na ukumbi wa harusi uliofungwa madirisha kwa ajili ya kiyoyozi. Harusi ya chini ya turubai mtaani, upepo unapita, ni salama zaidi kwa mtoto mchanga. Kama yenu ni ya ukumbini, Nasri aende kwa muda mfupi, au abaki nyumbani. Na ile desturi yetu ya mtoto kupokezana mikono ishirini kabla ya keki kukatwa, safari hii izuieni. Shangazi watanuna siku moja tu.

Watoto wa wifi: Ontario hutoa chanjo ya kwanza ya surua mtoto akitimiza mwaka mmoja, na ya pili kati ya miaka minne na sita. Kwa hiyo wa miaka miwili anaweza kuwa na sindano moja tu na mama yake akasema kwa haki kabisa kwamba amemaliza. Wa miaka minne anaweza kuwa na moja au mbili. Kwa safari kama hii wote wawili wapate ya pili kabla ya kuondoka. Inaruhusiwa kutolewa mapema, mradi wiki nne zipite tangu ya kwanza. Wiki tano zinatosha, ila asingoje wiki ya mwisho. Mwombe akutumie picha ya kadi, na neno lako liwe la ndugu kwa ndugu: “Wifi, Nasri bado mdogo hajachanjwa surua, daktari ameniomba kadi za watoto wote watakaokuwa nyumbani, wangu na wako.” Ndiyo kweli, nimekuomba. Akisema anaogopa chanjo kwa sababu ya usonji, mweleze kwamba makala ya 1998 iliyozusha hofu hiyo ilifutwa na jarida lililoichapisha mwaka 2010, na aliyeiandika akanyang’anywa leseni ya udaktari. Na mtoto yeyote akiwa na homa, kikohozi na macho mekundu siku ya safari, asipande ndege. Harusi itarekodiwa.

Kuhusu wewe. Mwaka 1993 hapa kwetu ratiba ilikuwa na sindano moja tu ya surua, ya miezi tisa. Ya pili iliingia mwaka 2014 pamoja na rubella. Sindano moja ya umri ule huacha takriban watu 15 katika 100 bila kinga, kwa hiyo hata kadi yako ingepatikana ningekushauri upate nyingine. Kama ulishachanjwa, kurudia hakudhuru. Watu wengine huniambia, “Daktari, nimechanjwa, kovu hili hapa begani.” Kovu lile ni la chanjo ya kifua kikuu, ya surua haiachi alama. Wala kadi ya njano ya homa ya manjano haisemi lolote kuhusu surua, na uwanja wa ndege hakuna atakayekuuliza. Kwa mtu mzima uliza hospitali binafsi au vituo vya chanjo za wasafiri. Mara nyingi watakupa ile yenye matumbwitumbwi ndani yake, ni sawa. Kunyonyesha hakuzuii. Mimba inazuia, kwa hiyo kama una shaka pima kwanza, na baada ya sindano ngoja mwezi mmoja kabla ya kushika mimba. Ukihitaji na ya homa ya manjano, zichomwe siku moja au ziachane wiki nne. Baba Nasri, na binti wa kazi kama mnaye, nao wafuate njia hiyohiyo.

Sasa tuseme, Mungu aepushe, mgeni mmoja ameanza. Homa kali, mafua, kikohozi, macho mekundu yanayokimbia mwanga; ukitazama ndani ya shavu unaweza kuona vidoa vyeupe kama chembe za chumvi; baada ya siku tatu au nne vipele vinaanzia nyuma ya masikio na usoni na kushuka mwilini. Tetekuwanga ni tofauti, yale yana malengelenge yenye maji. (Ndugu zetu wa Kenya surua huiita ukambi, wifi akilisikia neno hilo kwa rafiki zake wa Nairobi ajue ni kitu kilekile.) Mtenge mgonjwa chumba chenye dirisha wazi, na upige simu kituo cha afya kabla ya kwenda, ili asikalishwe kwenye benchi moja na wajawazito na watoto wachanga. Namba 199 ya Wizara ya Afya ni bure. Kwa Nasri, hesabu saa: ndani ya saa 72 tangu akutane na mgonjwa, chanjo bado inaweza kumkinga kama hajachanjwa. Muda huo ukipita, muulize daktari kuhusu imunoglobulini, yaani kinga iliyokwisha kutengenezwa, ambayo hufaa hadi siku ya sita na ndiyo pia tegemeo la mjamzito asiye na kinga.

Aliyekwisha kuugua apewe matone ya vitamini A siku mbili mfululizo kwa kipimo cha umri wake, maji mengi, maziwa ya mama, na achunguzwe kifua, kwa sababu kinachoua zaidi kwenye surua ni nimonia. Akipumua haraka, akikataa kunyonya, akipata degedege au akilegea, hospitali usiku huohuo. Na machoni asitiwe chochote kisichotoka kwa daktari. Mwanzoni mwa kazi yangu nilimpokea binti wa miaka mitatu ambaye bibi yake, kwa mapenzi yote aliyokuwa nayo, alimtia maji ya majani yaliyotwangwa ili kuondoa wekundu. Surua ilimwachia baada ya wiki mbili. Macho hayakurudi. Bibi yule alikuwa akimlisha kwa mkono wake wodini na kumsimulia kinachopita nje ya dirisha, na nimekuwa nikilisema jambo hili kwa kila mama tangu siku hiyo.

Nimalizie na mama mkwe, kwa sababu ana nafasi kubwa kuliko anavyojua. Mwaka 1846 surua iliingia visiwa vya Faroe, kaskazini ya mbali, na fundi seremala aliyetoka Copenhagen. Kati ya wakazi wasiozidi 8,000, zaidi ya 6,000 waliugua. Daktari kijana, Peter Panum, alitumwa kuchunguza, akagundua kwamba wazee walioupata ugonjwa huo mara ya mwisho ulipofika visiwani, mwaka 1781, hakuna hata mmoja aliyeugua tena, ingawa miaka 65 ilikuwa imepita na waliishi nyumba moja na wagonjwa. Aliyewahi kuugua surua amekingwa maisha yake yote, na haibebi kwenda kwa mwingine. Kama alichougua mama kule Kilwa kilikuwa surua kweli, homa na kikohozi na vipele vya mwili mzima kwa nyumba nzima kama alivyokusimulia, basi hizo wiki tatu za wageni yeye ndiye wa kumpa Nasri ambebe. Mwambie nimesema hivyo, na umpe shikamoo yangu.